Lile jengo la Freemason la London: lilijengwa lini, na kwa pesa za nani?

*"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa miaka 27, nina kibanda cha spea za pikipiki Morogoro. Mwezi uliopita niliingizwa kwenye kundi la WhatsApp la mtu anayejiita ajenti wa Freemason. Akanitumia picha ya jengo kubwa jeupe lenye mnara, akasema ndiyo makao makuu yao London, limejengwa mwaka 1717 kwa damu, kila jiwe ni kafara ya mtu mmoja, na asiye mwanachama akiingia humo hatoki. Nikilipia fomu shilingi 150,000 jina langu litaandikwa kwenye kitabu kilichomo ndani ya jengo hilo, na baada ya siku saba pesa zitaanza kuingia. Nimeshatuma 60,000. Sasa mama ameiona ile picha, hataki simu yangu ilale ndani ya nyumba. Naomba kujua: hilo jengo lipo kweli? Historia yake ni ipi? Na jina likishaandikwa, linafutika?"*

Marahaba, mdogo wangu. Naona maswali ni matatu, ila linalokunyima usingizi ni lile la mwisho, kwa hiyo nianze nalo. Jina lako halijaandikwa popote. Jengo lipo, tena ni zuri. Orodha ya majina nayo imo humo ndani, lakini ni ya watu waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na hakuna ajenti wa WhatsApp anayeweza kukuchomeka humo kwa laki na nusu. Hizo 90,000 zilizobaki usizitume. Nitarudi kwenye pesa zako mwishoni. Kwanza nikutembeze kwenye jengo lenyewe, maana kazi yangu ni historia ya majengo, na hii picha nimeletewa mara nyingi kiasi kwamba nikiuona ule mnara kwa mbali najua swali litakalofuata.

Linaitwa Freemasons' Hall. Liko mtaa wa Great Queen Street, eneo la Covent Garden, katikati kabisa ya London, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha treni cha Holborn. Wageni wana mlango wao, na ndani kuna makumbusho na maktaba ambavyo mtu yeyote anaingia bila kiingilio. Nimeingia mimi mwenyewe, si mwanachama, nikazunguka pamoja na kundi la watalii, nikatoka, nikaenda kutafuta chakula. Hilo la "akiingia hatoki" nadhani tumelimaliza.

Sasa huo mwaka 1717. Tapeli wako hakuutoa hewani, kauokota mahali akauweka pasipo pake. Kwa mapokeo ya Freemason wenyewe, tarehe 24 Juni 1717 loji nne za London zilikutana katika baa iliyoitwa Goose and Gridiron, karibu na kanisa kuu la St Paul's, zikaunda loji kuu ya kwanza. Wapo wanahistoria wanaobishia tarehe hiyo na kuisogeza mbele miaka michache, ila hilo tuwaachie wao. (Loji hapa si ile ya kulala wageni. Ni kikundi cha wanachama wanaokutana pamoja, kama tunavyosema tawi.) Chama kilizaliwa baa kwa sababu hakikuwa na nyumba. Kwa zaidi ya miaka 50 walikutana kwenye baa na kumbi za kukodi, mpaka wakachoka kuhamahama na masanduku yao.

Mwaka 1774 wakanunua nyumba namba 61 katika Great Queen Street, yenye bustani kwa nyuma. Pale bustanini ndipo walipojenga ukumbi wao wa kwanza, ukifichwa na nyumba ya mbele. Mchoraji alikuwa Thomas Sandby, mtu wa kwanza kushika uprofesa wa usanifu majengo katika Royal Academy, chuo cha kifalme cha sanaa cha London, na ukumbi ukafunguliwa tarehe 23 Mei 1776. Pesa zilipatikanaje? Mfukoni kwa wanachama, na sehemu yake kwa mkopo wa aina ambayo siku hizi ingemtoa jasho mwanasheria: watu wanakopesha, kila mwaka wanalipwa faida wakiwa hai, mmoja akifa fungu lake linawaendea waliobaki, hadi abaki wa mwisho. Ni mchezo wa upatu, isipokuwa zamu inategemea nani ana afya. Kama unatafuta jambo la kutisha katika historia ya jengo hili, mimi naona ni hilo, na ulikuwa mkataba wa kawaida wa Ulaya ya wakati ule.

Kwa hiyo jengo la kwanza lina umri pungufu wa chama kwa karibu miaka 60. Na hilo la kwanza siyo lililo kwenye picha yako. Wala la pili.

Hapa naomba uvumilivu kidogo, kwa sababu ndipo kiwanja kinapokuwa na maisha ya kuvutia. Ukumbi wa Sandby haukuwa wa Freemason peke yao. Waliukodisha, kama kumbi za jumuiya zinavyokodishwa kwetu kwa harusi na semina, maana ukumbi unaofungwa siku sita kwa wiki ni hasara. Palipigwa muziki, palifanyika chakula cha jioni cha hisani, palifanyika mikutano ya kila namna. Vikao vya mkutano wa dunia wa kupinga utumwa, Juni 1840, vilifanyika humo, mpinga utumwa mkongwe, mzee Thomas Clarkson, akiwa mwenyekiti. Wakati huo soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado likifanya kazi, na halikufungwa hadi 1873. Kiwanja ambacho jengo lake kwenye simu yako linaitwa nyumba ya kutoa watu kafara kilikuwa mojawapo ya mahali ambapo watu waligonga meza wakidai biashara ya kuuza binadamu ikome. Sisemi hivyo ili kuwafanya Freemason malaika. Walikuwa wenye ukumbi, na wapinga utumwa walikuwa wapangaji.

Jingine litakupendeza zaidi, maana sijaona muuza spea asiye na timu. Jirani na ukumbi, kwenye kiwanja hichohicho, palikuwa na baa na mgahawa wao ulioitwa Freemasons' Tavern. Jioni ya tarehe 26 Oktoba 1863 walikutana humo wawakilishi wa klabu za mpira za London na jirani zake, waliochoka kila timu kuwa na sheria zake: hawa wanashika mpira, wale wanapigana mateke ya ugoko. Wakaunda chama cha soka cha England, FA. Kanuni za mpira unaobishania kila Jumapili zilianzia kwenye mikutano ya baa hiyo. Mwambie ajenti wako aweke na hilo kwenye tangazo lake.

Kadiri loji zilivyoongezeka, ukumbi ulibana. Mwaka 1813 vyama viwili vikuu vya Freemason vya England vilivyokuwa vikigombana viliungana, na baada ya hapo msanifu John Soane akaongeza ukumbi mwingine. Miaka ya 1860 Frederick Pepys Cockerell akapanua na kujenga upya sehemu kubwa, ndilo jengo tunaloliita la pili. Mwaka 1883 moto ukaunguza ukumbi wa zamani wa Sandby. Wakakarabati, wakaendelea, huku mahitaji yakizidi kuupita uwezo wa nyumba. Sehemu ya kazi ya Cockerell bado imesimama upande wa mashariki, sasa ni kumbi za sherehe ziitwazo Connaught Rooms.

Jengo la picha yako ni la tatu. Lilijengwa kati ya 1927 na 1933. Lina umri mdogo kuliko stesheni ya reli ya kati ya Dar es Salaam iliyojengwa na Wajerumani.

Historia yake inaanzia kwenye vita. Tarehe 27 Juni 1919, siku moja kabla ya mkataba wa amani wa Versailles kutiwa saini, Freemason wa England walijaa katika Royal Albert Hall kusherehekea amani. Mkuu wao alikuwa Duke of Connaught, mtoto wa kiume wa Malkia Victoria. Wazo lake lilikuwa kwamba kumbukumbu ya wanachama waliokufa vitani iwe makao makuu mapya. Wakaanzisha mfuko, lengo likiwa pauni milioni moja. Sasa tazama pesa zilivyokusanywa, kwa sababu hapa ndipo tapeli wako anapoumbuka. Mwanachama aliyechanga alipewa nishani ndogo ya kuvaa kifuani. Loji iliyofikisha wastani wa guinea 10 kwa kila mwanachama, yaani pauni 10 na shilingi 10 za enzi hizo, iliingizwa kwenye orodha ya heshima na kiongozi wake akavaa nishani maalumu. Loji 1,321 zilifika kiwango hicho, zikiwamo za nje ya Uingereza. Umeona mwelekeo wa pesa? Zilitoka mfukoni kwa mwanachama kwenda kwenye chama. Hakuna aliyelipwa utajiri kwa kujiunga. Aliambulia kipande cha madini chenye utepe, na bili.

Mwaka 1925 wakatangaza shindano la wasanifu. Jopo la waamuzi liliongozwa na Sir Edwin Lutyens, jina kubwa kuliko yote katika usanifu wa Uingereza wakati ule, na washindi wakawa Henry Victor Ashley na Francis Winton Newman. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 14 Julai 1927 kwa namna iliyonichekesha nilipoisoma mara ya kwanza: kiwanja kilikuwa kidogo mno kwa umati, basi sherehe ikafanyika Royal Albert Hall, kilomita kadhaa kutoka hapo, na Duke akabonyeza umeme akiwa huko, jiwe likashuka mahali pake Great Queen Street. Uzinduzi rasmi ukawa tarehe 19 Julai 1933.

Hayo mawe unayoambiwa ni kafara, fundi yeyote akiyagusa atakuambia habari nyingine. Ni chokaa ya Portland, jiwe linalochimbwa kwenye kisiwa cha Portland kusini mwa England, na limetumika kwenye nusu ya majengo makubwa ya London. Ukisogeza uso karibu na ukuta unaona vipande vya kombe za baharini vilivyoganda ndani yake, kama unavyoona kwenye ukuta uliobanduka lipu kule Mji Mkongwe, ambako walijenga kwa mawe ya matumbawe. Mvua ikililamba linakuwa jeupe, pasipofikiwa na mvua linabaki na masizi, ndiyo maana kwenye picha yako jengo lina mabaka meusi yanayotisha kidogo. Na uzito wa jengo haubebwi na mawe hayo. Ndani mna mifupa ya chuma, jiwe ni koti tu.

Tukiwa kwenye mafundi, tulimalize na lile jicho na ile bikari za kwenye alama za Freemason. Mason kwa Kiingereza ni mwashi, fundi wa kujengea mawe. Freemason walichukua alama zao kwenye sanduku la mwashi: bikari, skwea, timazi, pimamaji, mwiko. Kila kifaa wakakipa fundisho. Timazi ni kusimama wima kitabia, skwea ni kutenda haki, na kadhalika. Jicho ni la Mungu anayeona yote, nalo lilichorwa makanisani Ulaya kabla hawajalichukua. Ukienda kwa fundi Juma anayejenga mtaani kwenu utakuta vifaa vilevile ndani ya ndoo, na hajapata utajiri.

Sasa nifikie sehemu ambayo nadhani ndiyo mzizi wa neno kafara. Nasema nadhani, kwa kuwa uvumi hauna cheti cha kuzaliwa. Jengo lilipofunguliwa liliitwa Masonic Peace Memorial, kumbukumbu ya amani. Linawakumbuka Freemason 3,225 waliokufa vitani. Ukipanda ghorofani, kabla ya kuufikia Ukumbi Mkuu unapita kwenye chumba cha utulivu chenye dirisha la vioo vya rangi. Kwenye dirisha kuna malaika wa amani ameshika mfano wa jengo lenyewe, ule mnara wa kwenye picha yako, na chini yake watu wanapanda ngazi ya kuzunguka kumwelekea: askari, raia, mahujaji. Chini ya dirisha kuna sanduku la shaba lenye umbo la chombo kilichotia nanga kwenye matete, safari imekwisha. Pembeni wamepiga magoti watu wanne, kila mmoja akiwakilisha kikosi kimoja cha majeshi: wanamaji, askari wa majini, jeshi la nchi kavu na kikosi cha anga. Ndani ya sanduku ndimo lilimo lile gombo la majina.

Na maudhui ya dirisha, kwa maneno yao, ni kupatikana kwa amani kwa njia ya "sacrifice". Ukikabidhi neno hilo kwa mtu mwenye kamusi na nia mbaya, atarudi na "kafara". Anayejua Kiswahili vizuri angesema kujitoa mhanga. Kitabu cha majina, jengo, kafara, damu: kila kipande cha hadithi uliyotumiwa kina kitu halisi nyuma yake, na kitu chenyewe ni wafu wa vita walioombolezwa na wenzao. Mimi nilisimama pale mbele ya lile sanduku kwa dakika kadhaa. Palikuwa kimya, mlinzi mmoja mzee alikuwa akifuta miwani yake.

Vita hiyohiyo ilipiganwa hapa kwetu, ikiwamo Tanga mwaka 1914. Mwaka 1927, jiwe la London likishushwa, sanamu ya Askari ilizinduliwa pale Mtaa wa Samora, Dar es Salaam. Wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi wakafa kwa njaa na kuhara waliachia jina Kariakoo, kutoka Carrier Corps, ila gombo lenye majina yao mmoja mmoja ndani ya sanduku la shaba hawakupata. Huwa nalikumbuka hilo ninapoona picha ya lile dirisha.

Baada ya chumba hicho ndipo ulipo Ukumbi Mkuu, katikati ya jengo, umezungukwa pande zote na korido na vyumba vingine. Ndiyo sababu ukiwa nje huuoni wala huoni madirisha yake, na watu wakaunganisha kutoonekana na uchawi. Milango yake ni ya shaba, kila ubao una uzito wa tani moja na robo, imechongwa picha za ujenzi wa hekalu la Mfalme Suleiman. Ndani wanakaa watu wapatao 1,700. Pembeni mwa jengo kuna vyumba vya mikutano zaidi ya 20, na loji za London zinapangiana zamu kama madarasa ya shule yenye mikondo miwili. Kazi nyingi humo ni za kiofisi: kumbukumbu, hesabu, barua.

Nisije nikaonekana wakili wao. Wapo watu wenye akili timamu wenye mashaka na chama hiki, na mashaka yao hayahusiani na damu. Uingereza kwenyewe kulikuwa na malalamiko ya muda mrefu kwamba polisi na mahakimu walio wanachama wangependeleana. Bunge lao lililichunguza miaka ya 1990, na kuanzia 1998 hadi 2009 mahakimu wapya walitakiwa kutaja kama ni wanachama. Kanisa Katoliki limewakataza waumini wake kujiunga tangu 1738, na Vatican ilirudia katazo hilo Novemba 2023. Wanazuoni wengi wa Kiislamu nao wanakataza. Kwa hiyo kama bado una hamu ya kujiunga kikweli, hilo ni suala la dhamiri yako na imani yako, kaa na padri, mchungaji au sheikhe wako uso kwa uso, usiulize mtandaoni. Nami siwezi kukuamulia.

Ila ujue mtu anavyoingia, ili usiuziwe mbuzi kwenye gunia tena. Afrika Mashariki loji halali zipo, na za mkondo wa England ziko chini ya uongozi wa wilaya unaoripoti jengo hilohilo la London. Nairobi wana ukumbi unaojulikana, Dar es Salaam pia, na majirani wanaujua. Marehemu Sir Andy Chande, mfanyabiashara wa Tanzania aliyefariki 2017, aliwaongoza Afrika Mashariki kwa miaka mingi na hakuwa anajificha, alikuwa akiongea na magazeti. Anayeomba anaonana na watu ana kwa ana, anahojiwa, lazima akiri kuamini Mungu, halafu wanachama wa loji wanapiga kura ya siri. Ada ipo, ya kujiunga na ya kila mwaka, nisikudanganye. Lakini unailipa baada ya kukubaliwa, kwa watu unaowajua kwa sura, na hakuna anayekuahidi kurudishiwa hata senti. Mkondo wa London haupokei wanawake. Wanawake wana vyama vyao mbali. Angalia tangazo lako: nina hakika limeandikwa "wote mnakaribishwa, wake kwa waume, bila kujali dini, utajiri ndani ya siku saba". Mtu aliyeandika hivyo hajawahi kuukaribia mlango wa loji.

Biashara yake inaendeshwa hivi. Anakupa picha ya kitu halisi ili ukihakikisha ukikute kipo. Anakutisha kidogo ili usimwambie mtu. Anaomba kiasi unachoweza kukipata kwa kuuza kitu kimoja dukani. Ukilipa, yanazaliwa malipo mengine: pete, bima ya pete, kibali cha kupitisha pesa mpakani. Na ukisita, kitisho kinageuka kuwa silaha, "umeshaingia agano, ukirudi nyuma atakufa wa kwenu". Hicho kitakufikia, kama hakijafika. Ni maneno ya mtu mwenye laini ya simu na njaa.

Kuhusu 60,000, sitakudanganya: ukiwa umetuma wiki zilizopita, uwezekano wa kuipata ni mdogo, maana fedha za namna hiyo hutolewa dakika hiyohiyo. Hata hivyo ripoti. Usifute mazungumzo, yapige picha ya skrini yote, pamoja na ujumbe wa muamala unaoonyesha namba na jina la mpokeaji. Tuma namba yake kwenda 15040, ndiyo namba ya kuripoti utapeli wa simu hapa Tanzania. Pitia kwenye duka la mtandao wako wa simu, uwaeleze kwa mdomo na uwaonyeshe muamala. Kisha nenda kituo cha polisi na simu yako mkononi, ufungue jalada, upewe RB. Usione haya. Ofisa utakayemkuta ameshasikia hadithi hii mara nyingi kuliko mimi. Ukishamaliza hayo, ndipo umzuie na ujitoe kwenye kundi. Kama hofu haikuachii, huli, hulali, unasikia moyo ukienda mbio kila simu ikilia, usingoje mwezi uishe. Hospitali ya mkoa ina watu wa kuongea nawe, na si aibu.

Mama nisalimie sana. Picha ya Freemasons' Hall haina neno, ni sawa na picha ya sanamu ya Askari pale Posta, kumbukumbu ya marehemu wa watu. Akitaka uifute, ifute, ni simu yako na ni mama yako. Ila ya muamala usiifute, na kesho kabla hujafungua kibanda pitia kituoni kwanza.